Sifa Hazilipi Studio: Miaka Yetu ya Roki Nairobi

Vijana wanaoanzisha bendi za roki Nairobi huniandikia mara kwa mara, na wengi wao huuliza jambo lilelile: mlifanyaje hadi mkaandikwa na wahakiki wa nje? Leo najibu kwa urefu, kwa sababu naona wanajichosha kukimbilia kile ambacho kwetu kilikuja chenyewe. Kusifiwa tulisifiwa sana. Wanamuziki wenzetu walikuja kutusikiliza wakasimama safu ya mbele, magazeti ya hapa yakatuandika, kisha ya ng'ambo. Kilichotushinda ni kwamba sifa zilipobisha hodi hatukuwa tumejiandaa kuzipokea. Rekodi zetu hazikuwa mikononi mwetu, makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo, na watu wa kurudi shoo ya mwezi ujao hatukuwa tumewakusanya.

Nilikuwa mpiga gitaa la besi. Jina la bendi silitaji. Tulikuwa watano, na wenzangu wana maisha mengine sasa. Haya ni ya upande wangu.

Tulianza mwaka 2009. Nchi ilikuwa bado inauguza majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na sisi wa umri wa miaka ishirini na kitu tulikuwa na mengi kifuani. Watu husema roki haina wenyewe Kenya, lakini wakati ule kituo cha redio cha X FM kilikuwa kikipiga roki kutwa kucha, na wasikilizaji wake walikuwa wakijuana. Muthoni Ndonga alikuwa ameanzisha Blankets & Wine mwaka 2008, tamasha la mchana ambapo watu hukaa kwenye nyasi na kusikiliza wanamuziki wanaopiga vyombo wenyewe. Mwaka 2010 Just a Band, bendi ya hapahapa Nairobi, wakatoa video iliyomfufua Makmende, mbabe wa mazungumzo ya mitaani, ikazunguka dunia. Tulikuwa na sababu ya kuamini kwamba mlango uko wazi.

Mpiga dramu wetu alilelewa na kanisa. Ukitafuta mpiga dramu hodari Nairobi, anzia huko, maana ndiko dramu ziliko na ndiko mtoto wa miaka kumi huruhusiwa kuzigusa. Mpiga kinanda naye alitoka kwaya. Mwimbaji na mpiga gitaa la solo walikuwa wanafunzi wa chuo. Mazoezi ya mwanzo yalifanyika South B, kwa shangazi ya mpiga dramu, mpaka majirani walipomwendea shangazi kwa adabu na kumwomba awaonee huruma.

Baada ya hapo tukaanza kulipia, na hapa niseme wazi. Chumba chenye dramu na spika tulikipata kwa kati ya shilingi 500 na 1,000 kwa saa, na wimbo wa watu watano hauivi kwa saa moja. Gitaa langu lilikuwa la mkono wa pili. Nyuzi za besi ni ghali, kwa hiyo zilipofifia nilizivua, nikazichemsha kwenye sufuria, nikazikausha na kuzirudisha, nazo zikalia vizuri kwa wiki kadhaa. Amplifaya haipandi matatu bila kulipiwa kiti, na usiku wa manane hata kiti hakipatikani, ni teksi. Kilabu ikitulipa shilingi 20,000, fundi wa sauti alichukua yake, teksi yake, mazoezi ya wiki mbili yake, na kila mmoja wetu akabaki na nauli na sahani ya chipsi. Mchana nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya usafirishaji. Mshahara ule ndio uliolipa sehemu kubwa ya albamu yetu ya kwanza, na sina aibu kusema hivyo.

Kwa hiyo shauri la kwanza: usiache kazi kwa sababu ya makala moja. Mpiga gitaa wetu aliacha. Makala ilikuwa nzuri kweli, aliisoma kwa sauti tukiwa sote tumekaa sakafuni, na mwishoni mwa mwezi ule aliandika barua ya kuacha kazi. Kufikia Krismasi alikuwa anaomba kukopeshwa kodi, na kila shoo tuliyoikataa kwa sababu malipo hayakufaa, yeye aliihesabu kama chakula alichonyang'anywa. Ugomvi mwingi uliofuata ulianzia hapo, ingawa kwa nje ulionekana ni ugomvi wa nyimbo.

Jambo la sauti nitalikalia kidogo, maana hakuna anayewaambia vijana. Kumbi nyingi za Nairobi zimefungwa mitambo kwa ajili ya DJ. Utakuta spika kubwa nzuri, mixer ndogo yenye njia chache, na maikrofoni mbili za kushika mkononi. Dramu peke yake zinataka maikrofoni nne au zaidi. Spika za kuwasikilizisha waliopo jukwaani mara nyingi hazipo. Mwimbaji asiyejisikia hupaza sauti, na akipaza sauti usiku baada ya usiku koo linajeruhika. Wetu alifika mahali daktari akamwamuru anyamaze kabisa, hata kunong'ona asinong'one, na tukaahirisha shoo tulizokuwa tumeshachukulia malipo ya awali. Kurudisha pesa ulizokwisha kutumia ni aibu ambayo sitaki imfike mtu mwingine.

Tulichofanya baadaye, na nawaomba mfanye tangu mwanzo, ni kuandika ukurasa mmoja: tuko wangapi, nani anasimama wapi, kila chombo kinahitaji nini, na nini tunakuja nacho. Ukurasa ule tuliutuma kwa mwenye ukumbi kabla ya kukubali bei. Kisha tukamtafuta fundi wetu wa sauti, kijana aliyezijua nyimbo zetu kama sisi, tukamlipa sawa na mwanabendi. Wenzangu wawili walipinga, wakaona tunagawa mkate uliokuwa mdogo tayari. Lakini shoo za kwanza na fundi yule zilibadilisha kila kitu, maneno ya mwimbaji yakaanza kusikika, na watu wakaanza kuimba naye. Tulikuwa tumeandika maneno yale kwa Kiswahili na Sheng kwa uangalifu mkubwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyeyasikia.

Kurekodi kulikuja na mtihani wake. Studio nyingi za mjini zilijengwa kwa mtu mmoja na midundo ya kompyuta: chumba cha kuimbia ni kidogo, dramu haziingii. Tulirekodi dramu usiku katika ukumbi wa kanisa alikolelewa mpiga dramu, kwa idhini ya wazee, kwa sharti kwamba kufikia alfajiri kila kiti kiwe kimerudi mahali pake. Ukumbi ule una dari ya juu na sakafu ya saruji, na mlio wa dramu zile ndio wahakiki walioutaja kuliko kitu kingine chochote. Vyombo vingine tulivimalizia studio.

Makubaliano yetu na studio hiyo yalikuwa ya maneno matupu. Tulilipa, tukapewa nyimbo zilizokamilika, tukashangilia. Treki zenyewe, yaani kila chombo kikiwa peke yake, zilibaki kwenye diski ya studio. Baada ya miaka michache studio ikafungwa, vifaa vikauzwa, na diski ikaenda na vifaa. Tulipopata nafasi ya kutoa albamu ile kwenye santuri, mtu wa kazi hiyo alituomba treki ili aichanganye upya, na hatukuwa nazo. Mpiga kinanda alilia. Usilipe awamu ya mwisho kabla hujapewa treki zote kwenye diski yako mwenyewe, na ya pili ukaiweke kwa mama au kwa rafiki asiye mwanabendi.

Siku hizo ndipo nilipoanza kusoma habari za bendi za roki za Zambia za miaka ya 1970, na zilinifundisha kuliko semina yoyote. WITCH, waliotokea miji ya machimbo ya shaba, walikuwa wakijaza kumbi. Baadhi ya bendi za Zambia zilikuja hapahapa Nairobi kurekodi, kwa hiyo anayeniambia roki ni ya kigeni katika mji huu namrudisha kwenye santuri zile. Bei ya shaba ilipoanguka, uchumi ukaanguka nayo, na UKIMWI ukawachukua wengi wa kizazi kile. Emanuel Chanda, anayejulikana kama Jagari, mwimbaji wa WITCH, alikwenda kufundisha muziki, kisha akachimba vito. Miongo ikapita. Kampuni ya Now-Again ya Marekani ikatoa upya rekodi zao, dunia ikawagundua, Jagari akarudi jukwaani, na mwaka 2023 jina la WITCH likatoa albamu mpya, Zango. Nilichokiona mimi ni hiki: muziki ule ulirudi kwa sababu kulikuwa na kitu cha kurudisha. Nakala zilibaki mahali, na palikuwa na mtu hai aliyeweza kusema nani alipiga nini.

Basi wakati sifa zilipokuja kwetu zilikuja kwa pamoja, kama mvua za masika. Tovuti ya nje ikatuandika, nyingine ikafuata, na nyimbo zikasikilizwa katika miji tusiyoijua. Mwezi uleule tukapiga Westlands, na waliokuja walikuwa walewale wa kila siku, pengine pungufu kidogo kwa sababu mvua ilinyesha. Nilisimama jukwaani nikihesabu vichwa na kifua kikinibana. Msomaji wa Berlin hawezi kulipa kiingilio Westlands. Tulikuwa hatuna hata orodha ya namba za simu za watu wanaotupenda mjini kwetu. Tulitegemea mabango na bahati.

Fundisho la pili juu ya hilo tulilipata kwa basi. Rafiki mmoja alitualika Arusha. Malipo yalikuwa madogo, na maandalizi ni mengi: Tanzania msanii wa kigeni anahitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kwa hiyo mwenyeji wako aanze kukishughulikia mapema. Pale mpakani Namanga ni vizuri uwe na orodha ya vyombo vyote na namba zilizochapwa juu yake, nakala mbili, upate kuonyesha ukienda na ukirudi kwamba hukununua wala hukuuza. Ukumbi ulikuwa mdogo na ulijaa. Watu walisikiliza maneno, wakatuuliza maana ya Sheng, wakanunua fulana hadi zikaisha. Mama mmoja mwenye mgahawa alitulisha sote asubuhi na kukataa pesa. Tulirudi mwaka uliofuata, wakaja walewale na marafiki zao. Baadaye tukafanya vivyo hivyo Kampala. Uganda ilikuwa imeshachangamka. Tamasha la Nyege Nyege lilikuwa limeanza huko Jinja mwaka 2015, na lebo iliyotokana nalo ndiyo iliyotoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, mwaka 2020. Njia yetu ya kwenda mbali ilipaswa kuanza stendi ya basi, na tuliichelewesha tukingoja ndege.

Ndege nayo ilikuja. Tulialikwa tamasha Ulaya. Viza iliomba taarifa za benki, barua ya mwajiri, na ushahidi kwamba utarudi. Mimi na mwimbaji tulikuwa na waajiri. Mpiga dramu alikuwa anaishi kwa vibarua vya harusi na mazishi, pesa zake zikipita M-Pesa na kuisha. Alinyimwa. Ada ya maombi hairudishwi, na tiketi tulikuwa tumezinunua kwa mkopo wa sako, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa ahadi ya kurejeshewa baada ya shoo. Tukaenda bila yeye. Waandaaji walitupatia mpiga dramu wa kule, kijana mpole aliyekesha akizisikiliza nyimbo zetu, akazipiga vizuri. Tulisifiwa tena. Nilipiga shoo ile nzima nikitazama mahali ambapo mwenzangu angekaa.

Tuliporudi hakutulaumu kwa neno. Aliendelea kuja mazoezini, akipiga kwa usahihi uleule, ila aliacha kuchekacheka, na akawa wa kwanza kufungasha. Deni la sako tulililipa kwa muda mrefu, maana marejesho yalichelewa na sehemu yake iliishia kwenye makato. Mkialikwa nje, dai tiketi inunuliwe na mwalikaji mwenyewe, ama pesa iwe imeingia kabla hamjakopa. Mwenye kuishi kwa vibarua aanze mwaka mzima kabla kupitisha mapato yake benki na kuweka risiti. Na mkubaliane mapema, mkiwa bado mnapendana, mtafanya nini mmoja akinyimwa viza. Sisi tuliliamua hilo usiku mmoja, kwa hasira na hofu ya deni, na bendi haikupona.

Bendi yetu haikuvunjika kwa kelele. Mpiga kinanda alipata kazi Doha, hotelini. Mwimbaji alijifungua. Mazoezi ya wiki yakawa ya mwezi, kisha hakuna aliyeuliza ni lini. Kilichobaki ni nyimbo, na hapo ndipo tuligundua hatukujua ni za nani. Akaunti ya msambazaji anayezipeleka kwenye mitandao ya kusikilizia ilikuwa kwenye barua pepe ya mpiga gitaa, ambaye hakuwa anaongea nasi. Ada ya mwaka haikulipwa, na asubuhi moja albamu haikuwepo tena mtandaoni. Miaka ile yote, na mtu akitutafuta anakuta ukurasa mtupu.

Mama yangu ndiye aliyetuokoa, na yeye muziki wetu hakuwahi kuuelewa. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa mtaa tangu nikiwa mdogo. Nilipomweleza aliuliza kumbukumbu za vikao ziko wapi. Nikamwambia hazipo. Akasema, mali bila daftari hupotea bila habari, akanipa daftari jipya na kunituma nikawaite wenzangu. Ilinichukua muda kuwapata wote. Tulikutana mkahawani, wa Doha akiwa kwenye simu, na tukapitia wimbo mmoja baada ya mwingine: nani alileta maneno, nani alileta tuni, tunagawanaje. Nyimbo nyingi tuliamua kugawana sawa kwa sawa. Mbili zilituchukua jioni nzima. Mpiga dramu aliomba kitu kimoja tu, jina lake liandikwe kwenye kila wimbo, kwa sababu bila ukumbi wa kanisa lake kusingekuwa na albamu. Likaandikwa.

Karatasi ile ndiyo inayowezesha mengine yote. Kenya wimbo mmoja una haki za aina tatu, na kwa miaka mingi zilisimamiwa na vyama vitatu: MCSK kwa watunzi na wachapishaji, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Wengi walijiandikisha kimoja na kudhani wamemaliza. Sisi tuliotunga wimbo, tukaurekodi kwa pesa zetu na kuupiga wenyewe, tunastahili mahali patatu. Sajilini pia kazi zenu kwa Bodi ya Hakimiliki. Kuhusu miito ya simu, yaani wimbo anaousikia mpigaji akingoja upokee, sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa msanii au mwenye haki si chini ya asilimia 52 ya mapato baada ya kodi, kwa hiyo ukiletewa mkataba wenye kiwango cha chini, usisaini. Kwa mashabiki wa mbali tulifungua ukurasa Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ambayo hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, na pesa huja kupitia PayPal hadi M-Pesa. Akaunti zote sasa ziko kwenye barua pepe ya bendi, na nywila wanayo watu wawili.

Nimejiuliza mara nyingi kama tulishindwa. Hunifariji kufikiria Pylon, bendi ya Athens, jimbo la Georgia kule Marekani. Walisifiwa sana, wakaacha mwaka 1983 kwa sababu kazi ilikuwa imeacha kuwapa furaha. R.E.M., waliotoka mji huohuo, wakawa wakubwa duniani, na hawakuchoka kuwataja Pylon kwa heshima. Bendi kupendwa sana mahali pake, na pia na wanaoujua muziki, ni kitu kamili. Inauma tu pale wenye bendi wanapobaki na madeni na chuki, na hayo mawili yanazuilika.

Mwaka jana mtengenezaji wa filamu aliomba kutumia wimbo wetu mmoja. Alitaka kujua nani anasaini kwa ajili ya utunzi na nani kwa ajili ya rekodi. Nilimtumia picha ya ukurasa wa daftari na namba za simu za wenzangu, na ndani ya wiki sahihi zote tano zilikuwa zimepatikana. Malipo yalipoingia tuligawa kama tulivyoandika. Mpiga gitaa alinipigia kuniuliza kama nina nafasi ya mazoezi Jumamosi. Chumba kimepanda bei, saa moja sasa ni zaidi ya elfu, na mpiga dramu amekubali kuja baada ya ibada ya vijana.